Jinsi Arlys Tollefson Alivyomshusha Samaki kwa Njia ya Simu

Tulieni, enyi wenye masikio, na uliyeshika kijiko kiweke chini, niwasimulie vita vya Jumapili ile ya Februari, mwaka wa tisini na mbili, katika mji wa Bemidji uliozikwa na theluji, ambamo Arlys Tollefson, mshona mapazia mashuhuri, mwenye miwani mbili, moja ya karibu na moja ya mbali, alipakua picha moja kwa njia ya simu, na nyumba nzima ikatetemeka.

Chanzo cha vita kilikuwa samaki. Alitundikwa sebuleni kwa mama yake Arlys, Bibi Alvina, ratili kumi na tatu, amekaushwa na kupakwa vanishi, mdomo wazi. Arlys alisema alimvua yeye, kiangazi cha mwaka wa sitini na nne. Kaka yake Verlyn, simba wa mezani, mshindi wa vita asivyopigana, alidai vivyo hivyo, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa kubwa, mji mzima ulimwita samaki wa Verlyn. Jambo hilo lilimuuma Arlys miaka ishirini na minane. Sasa Bibi Alvina alikuwa akihamia nyumba ndogo isiyo na ukuta wa kumtosha samaki huyo, na hukumu yake ilikwisha toka: baada ya chakula cha mchana, samaki ataondoka na aliyemvua. Yeye mwenyewe hakukumbuka ni nani. Jua lilikuwa kali, alisema, na wote wawili walipiga kelele.

Ushahidi ulikuwa mmoja tu duniani. LeRoy, muuza chambo wa ziwani, alikuwa amezitia picha za wavuvi wake wote, hata ile ya mwaka wa sitini na nne, katika kompyuta, akaifanya ubao wa matangazo ambao mtu aliupigia simu kwa kompyuta yake na kuchukua alichotaka. Ila laini ilikuwa moja kwa wilaya nzima, na kila mpigaji alipewa dakika arobaini kwa siku, kisha akatupwa nje bila kwaheri. Basi Arlys akaibeba kompyuta yake hadi kwa mama, imeviringishwa blanketi, akaichomeka kwenye waya wa simu wa chumbani, akapiga. Laini ina mtu. Akapiga tena, na tena, mara thelathini, wala mkono wake haukulegea. Na mara ya thelathini na moja modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, ikakoroma, ikapiga mluzi, na kutoka ziwani mluzi ukajibu. Dakika kumi na mbili zikaisha akiitafuta picha, kisha faili likaanza kushuka. Safari ya dakika ishirini na sita.

Dakika ya kumi na sita, jikoni, Bibi Alvina akanyanyua simu ya ukutani, iliyokuwa ya laini ile ile. Gladys, mwenzake wa kanisani, alikuwa amevunjika nyonga, na wanawake wa kanisa la Kilutheri walikuwa na desturi ya kupigiana simu, mmoja hadi mwingine, ili wote waombe. Laini ikafa papo hapo.

Arlys akafungua kilichokwisha kufika. Mbingu ya kijivu ya picha isiyo na rangi, kofia mbili, vicheko viwili, mashati mawili. Chini ya vifua, giza. Verlyn, aliyekwisha kuwasili na tumbo lake, akasimama nyuma yake kama jemadari.

"Dada, tusitiane aibu mbele ya mama," akasema. "Nilipigana na mnyama huyu saa nzima, peke yangu, jua utosini. Kovu hili hapa."

"Kovu hilo ni la kopo la maharagwe, Verlyn. Nilikufunga bendeji mimi."

Programu ya Arlys ilijua kuendelea pale ilipokatiwa, na zilibaki dakika kumi na mbili za LeRoy. Zilizohitajika ni kumi. Akapiga, akaingia. Ndipo Verlyn alipokumbuka ghafla kwamba lazima ampigie fundi kuhusu betri ya gari, siku ya Jumapili, akashika njia ya jikoni. Arlys akapaza sauti kutoka chumbani.

"Mama, akigusa hiyo simu nimekwisha."

Bibi Alvina, mwenye miaka themanini na mitatu, akavuta kiti, akaketi chini ya simu ya ukutani, kipondeo cha viazi mkononi.

"Nyonga ya Gladys imeshavunjika," akasema. "Haitavunjika tena ndani ya dakika kumi. Verlyn, kaa chini."

Akakaa. Viazi vikapoa. Faili likafika lote, na picha ikajifungua mstari kwa mstari: mikanda, viwiko, kisha mikono ya Arlys, imemkumbatia samaki mzima, maji yakimchuruzika. Na mikono ya Verlyn, yote miwili, imeshika mkate wa soseji.

Verlyn akaja, akainama mbele ya picha.

"Ule mkate," akasema kwa sauti ndogo, "nilikuwa nimeusahau kabisa."

Arlys akavua miwani, akalia kidogo, akapanda kiti na kumshusha samaki wake. Bibi Alvina naye akanyanyua simu.

"Edna, ni Alvina. Tumwombee Gladys, nyonga. Na Verlyn wangu. Samaki hakuwa wake. Haya, mpigie anayefuata."

Na kabla meza haijaondolewa vyombo, jikoni kumi na moja za Bemidji zilikuwa zikimwombea Verlyn, kwa jina na kwa kosa.