Fundi Bomba wa Miaka Kumi na Miwili

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mvua tangu alfajiri. Tangazo ofisi ya kata, hapa Matwebe: serikali inawapima mafundi waliojifunzia mtaani. Ukifaulu, cheti. Usipojua kitu, unakuwa mwanagenzi, unajifunza chini ya fundi miezi sita. Miezi sita! Nimejaza fomu: Ambindwile, fundi bomba, uzoefu miaka kumi na miwili. Mpimaji, Bwana Medard, mgeni kutoka Bukoba, akauliza umri wangu. Ishirini na minne. Akauliza kama nilianza nikiwa darasa la sita. Nikamjibu nilichelewa kidogo, la saba.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Tulinagwe wa kijiji cha Nkunga naye kajiandikisha. Huyu dada anafunga mabomba kweli, alifundishwa na mjomba wake. Kaniuliza mbele ya watu nimewahi kufunga bomba la nani. Nikasema ni mengi, siwezi kuyataja. Mama ameshaitangazia kwaya nzima kwamba naleta cheti. Sirudi nyuma.

Alhamisi, 6 Machi
Mtihani, Tukuyu mjini. Kubadilisha koki ya jikoni. Ovaroli ya kuazima, spana ya kuazima, mluzi wangu mwenyewe. Nikaifungua koki. Hakuna aliyenikumbusha kufunga maji kwanza! Yakaruka hadi darini, yakamshukia Bwana Medard. Tulinagwe akakimbia nje kufunga koki kuu. Kisha Bwana Medard, miwani ikichuruzika, akacheka mpaka akashika ukuta. Kasema amepima mafundi wengi, ila wa kwanza kumwogesha ni mimi. Tulinagwe kapata cheti. Mimi mwanagenzi. Na fundi wa kunifundisha? Tulinagwe!

Jumatano, 12 Machi
Igogwe, kwa bibi mmoja ambaye bomba lake linavuja tangu Krismasi. Tulinagwe kakunja mikono, kaniachia kazi. Nikafunga maji. Nikabadilisha raba ya ndani, nikakaza. Hakuna hata tone! Bibi akapiga vigelegele, akasema ndaga fijo, asante sana, akanipa mkungu wa ndizi. Tulinagwe kasema nimefanya vizuri. Kasema kweli! Nimeubeba mkungu kichwani hadi nyumbani nikiimba.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya ibada nimejitolea kuweka mabomba nyumba nzima mpya ya mchungaji, peke yangu. Naanza kesho, Tulinagwe akiwa Mbeya. Mchungaji kauliza kama naiweza. Nimemhakikishia: maji yatafika kila chumba.