Kilovoti International Yadai Msumari

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1998. Mvua ya vuli ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, kisha likatoka jua la kuchemsha madimbwi.

Saa tano Kavumbi wa Ukunda aliingia katika ukumbi wa Msambweni. Alivaa miwani myeusi, koti jeupe la kuazima na viatu vilivyojaa tope. Kabla hata ya kusalimu, alitangaza kwamba bila yeye, pwani nzima ya kusini ingekuwa bado inapiga makofi na kuita huo ni muziki!

Nyuma yake alikuja Tsuma. Kinanda cha umeme kilikuwa kichwani, spika mgongoni, na waya ulimzunguka shingo kama shada la bwana harusi.

Hao wawili ndio waliokuwa Kilovoti International, bendi nzima. Kavumbi alikuwa kiongozi, mtunzi, mpigaji na msemaji. Tsuma alikuwa mhandisi wa sauti, na kazi ya mhandisi ilikuwa kuchuchumaa ukutani akishikilia plagi isichomoke. Hilo neno "International" lilitokana na Mtaliano mmoja wa Diani aliyewahi kusinzia mbele ya spika yao.

Ukutani mle ukumbini zilitundikwa picha za wanamuziki wa heshima wa Kwale, wapiga ngoma za sengenya na waimbaji wa taarab, wote wamekodoa macho kama wanaopigwa sindano. Msumari mmoja tu ulibaki mtupu. Kamati ya ukumbi ilikuwa iamue siku hiyo nani autwae: Kilovoti International, au Mzee Alfani, mpigaji wa chivoti, ile filimbi ya Wadigo. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi benchi la nyuma, filimbi yake imefungwa ndani ya leso.

Kavumbi alikuja na picha yake tayari, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Alikwisha kumwambia mkwewe aliyezoea kumwita mvivu kwamba Jumatatu aje aione ukutani.

Tsuma naye alikuwa ameahidiwa kuwamo pichani. Na kweli alikuwamo! Mkono wake wa kushoto ulionekana pembeni, kuanzia kiwiko.

"Usinung'unike," Kavumbi alimwambia walipokuwa njiani. "Huo si mkono tu. Ni ishara ya umeme!"

Mama Mwanasha, mwenyekiti wa kamati, aligonga meza.

"Haya Bwana Kavumbi, tueleze kwa nini mnastahili. Kwa ufupi."

Kavumbi alilisikia kila neno isipokuwa la mwisho.

"Mama, shikamoo. Ni nani aliyeleta umeme katika muziki hapa? Sisi! Kabla yetu Tiwi palikuwa na giza la masikio. Siku hizi hata mbuzi wa Taru hutafuna kwa mapigo yetu. Vijana wote wa hotelini wanatuiga. Ukiondoa Kilovoti, utakuwa umeondoa nguzo, na paa litatuangukia sote!"

"Paa la nani?" aliuliza Mzee Alfani kwa upole.

"La muziki, mzee wangu! Filimbi ni nzuri, lakini ni upepo. Sisi ni radi!"

"Basi ipige hiyo radi tuisikie," akasema Mama Mwanasha.

Tsuma alichomeka plagi, akaishikilia. Kavumbi akafumba macho, akatikisa mabega, vidole vikaanza kukimbia juu ya kinanda kama kaa waliomwagiwa maji moto. Ukumbi ukajaa ngoma, tarumbeta, na kitu kama kengele za baiskeli mia moja.

Tsuma aliujua wimbo huo vizuri, ingawa kwa miaka sita aliusikia akiwa ameupa mgongo. Alikuwa na tabia ya kuhesabu vitu, na kila mara wimbo ulikwisha baada ya dakika mbili na sekunde kumi na moja. Haukuzidi, haukupungua. Alikuwa akimsifu Kavumbi kwa nidhamu hiyo!

Mjumbe mmoja, Everlyn Syombua, mwalimu wa kwaya huko Kikoneni, aliinua mkono.

"Wimbo unaitwaje?"

"'Machozi ya Mhandisi'. Niliutunga mwaka tisini na mbili, nikiwa nimelazwa kwa malaria."

"Pole sana. Basi malaria yako imefika mpaka kwetu. Sisi tulipewa kinanda kama hiki na wageni wa kanisa. Hebu inua mikono juu kidogo, ndugu yangu."

Kavumbi aliinua mikono kama mtu aliyevamiwa. Everlyn akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza kitufe cha pembeni.

Ngoma! Tarumbeta! Kengele!

Kavumbi alikohoa mara tatu. Hiyo ilikuwa ishara yao ya siku nyingi: kukitokea balaa, mhandisi achomoe plagi. Tsuma aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita aliona wimbo ukijipiga wenyewe, huku mtunzi wake amesimama mikono juu.

Kavumbi akakohoa tena, safari hii kama mwenye kifaduro.

Tsuma aliitazama ile fremu ya dhahabu. Akauona mkono wake pale pembeni, hauna mwenyewe. Kisha akaikandamiza plagi kwa mikono yote miwili.

Dakika mbili na sekunde kumi na moja!

"Ukuta huu ni wa wanaopiga," akasema Mama Mwanasha kelele zilipokwisha. "Sasa hapa amepiga nani?"

"Kiwanda," akajibu Mzee Alfani, akaanza kuifungua leso.

Msumari alipewa yeye. Na kwa kuwa hakuwa na fremu, kamati iliiomba ile ya Kavumbi.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, mlango wa Tsuma uligongwa saa kumi na mbili. Alifungua akiwa amejikinga uso. Kavumbi hakumpiga.

"Vaa. Twende kanisani Kikoneni."

Kavumbi aliketi benchi la mbele, macho hayabanduki kwenye kinanda. Akina mama wakanong'onezana kwamba kondoo aliyepotea amerudi. Ibada ilipokwisha alimwendea Everlyn, akavua miwani, akainama.

"Mwalimu, samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Na hiki kitufe cha pili, hutoa nini?"