Kuhusu Goli Mnalosema Lilimezwa na Kijito

Ndugu Mhariri Lindquist,

Kwa heshima zote, na miwani mbili puani, nimesoma kitabu chenu cha historia ya uwanja wa chuo chetu hapa Skogen, Iowa. Picha nzuri. Ila ukurasa wa kumi na mbili umenitoa jasho. Mnasema siku ya ushindi wa 1959 wanafunzi waling'oa goli la chuma, wakalitembeza mjini, wakalitosa kijitoni, kikalimeza. Na sasa, Jumamosi ya wahitimu wa zamani kurudi chuoni, mtakokota nyavu humo mlitafute! Naomba msilitafute. Sababu ninazo:

1. Kijito kile hakijameza hata kofia. Mwaka ule maji hayakufika kifundo cha mguu; bata walikuwa wanatembea. Kukisingizia kitu kisichoweza kujitetea ni dhambi. Muulizeni mchungaji.

2. Tulikuwa tumefungwa mechi kumi na tisa mfululizo. Watu waliofungwa kumi na tisa kisha wakashinda moja, waliyoyafanya siku hiyo hayaandikwi. Yanasamehewa.

3. Basi lifuteni goli hilo kitabuni. Likifutwa, na ushindi ufutwe, maana mpira ulipita wapi? Bila ushindi, yule tajiri wa mahindi asingelia kwa furaha akatujengea majukwaa. Kwa hiyo uwanja haupo. Vijana wa mpira wa yai, ule wa Kimarekani, warudi makwao. Wale wa mpira wa duara, waliohamia hapo 1974, waambiwe taratibu kwamba miaka yote wanacheza kwenye shamba la watu.

4. Mke wangu Ardis hanipi nafasi: "Wee Orville, andika upesi kabla hawajafika huku kwetu na minyavu yao!" Basi ndiyo naandika.

Nisalimie kocha, wapiga tarumbeta wote, na yule mama wa kahawa pale getini. Mwambie kahawa yake ya juzi ndiyo ilikuwa maji ya kijito.

Wako, nisiyejua lolote kuhusu chuma,
Orville Skaar

Nyongeza: Mkija hata hivyo, msije Jumatatu. Ardis huanika siku hiyo, na shuka hujaza goli zima, nguzo hadi nguzo. Liko nyuma ya banda la ng'ombe. Kila Pasaka nalipaka rangi. Mjue sikuiba. Lilipoanguka katika zile fujo, nilipiga goti hapo hapo nikamwomba Ardis akubali nimwoe. Akasema, "Kwanza nitolee hili lichuma mguuni!" Nikalitoa. Kulirudisha ndiko bado sijapata nafasi.