Mimba Zangu za Majaribio

Mlali,
Jumatatu asubuhi.

Kwa Mtengeneza Programu Abdulmajid (mjukuu wangu),
Morogoro Mjini.

YAH: KUPEWA UJAUZITO MARA KUMI NA MOJA

Mjukuu, marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimeitikia kabisa ili tusipotezeane muda.

Naandika kama mwalimu mstaafu mwenye miaka sabini na mbili. Nimeambiwa unatengeneza mfumo wa kuwakumbusha wajawazito siku za kliniki, na kila unapoujaribu unaweka namba yangu, eti ndiyo pekee uliyoishika kichwani. Ahsante. Sasa sikiliza malalamiko.

1. Mwezi huu nimeshika mimba mara kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa ya wiki sifuri, ya pili ya wiki mia tatu. Juzi nilikuwa na watoto tisini na tisa tumboni, mmoja uzito wake kilo hasi nne. Abdulmajid, hata panya wana kiasi!

2. Herufi za simu ni ndogo, hivyo huwa nasomewa ujumbe na jirani yangu Zuleha, na Zuleha hana kifua cha siri. Kufika adhuhuri nilishaletewa ndimu, chandarua na udongo wa kula. Udongo nimeula, kwa heshima tu.

3. Brenda, anayesomea kompyuta chuoni, kanieleza kwamba kazi hii ina utaratibu wake: unajaribu kipande kimoja kimoja, kwa watu wa kubuni na namba za kubuni, na ujumbe hautoki nje ya mashine. Mimi mchuzi nauonja kwa kijiko, siiti kijiji kizima. Nakupa mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za undugu.

4. Umemwandika mama yako Halima awe ndugu wa kupewa taarifa zangu. Mwanangu huyo hajakanyaga Mlali miaka mitatu. Umri wangu anaujua fika, lakini kompyuta ikishasema, basi! Sasa ananipigia mara nne kwa siku, mara nilale ubavu wa kushoto, mara nisibebe ndoo.

Kwa hiyo naomba mimba zote zifutwe kabla ya Ijumaa, la sivyo nitamdai mwajiri wako likizo ya uzazi kwa kila mtoto, wote tisini na tisa.

Nisalimie mkuu wako wa kazi, wenzako wote, na aliyewauzia hiyo kompyuta.

Ni mimi bibi yako mjamzito,
Mwanaheri Dadi.

N.B. Leo ni Jumatano jioni, barua bado sijaituma. Tangu jana hakuna ujumbe ulioingia, na Halima hajapiga. Mjukuu wangu, kama umeshafuta, nirudishie mimba moja tu, hata ile ya wiki sifuri. Nyumba imenipwaya, na leo hakuna aliyeniuliza kama nimekula.