Jicho la Hariri

Jumatatu, 3 Februari
Sijamwambia mtu: nataka kuwa daktari wa farasi. Nyumbani wanajua nimemaliza shule na ninafagia zizi la mjomba. Daktari anayetibu farasi wa mjomba siwezi hata kumsalimia. Naangalia viatu vyake.

Leo Hariri, farasi jike wa mjomba, jicho linatoa machozi. Amerithi ugonjwa wa ngozi kwa baba na mama. Ngozi inachanika kama karatasi iliyolowa. Daktari alisema hata kioo cha jicho lake ni chembamba, hupata vidonda upesi. Binamu anasema ni upepo tu. Anajua nini huyo.

Jumanne, 4 Februari
Nimemshonea Hariri barakoa ya kuzuia vumbi, kwa pazia la bibi. Laini, haigusi ngozi. Ameila. Bibi anauliza kwa nini sasa majirani wanamwona dirishani akila. Hariri jicho amelifumba kabisa.

Jumatano, 5 Februari
Nimefungua sanduku ambalo daktari huliacha stoo. Nikachukua kile kikaratasi cha rangi inayoonyesha kidonda cha jicho, nikakilowesha, nikadondosha jichoni kama afanyavyo yeye. Doa la kijani katikati. Kidonda!

Nikampigia daktari. Akasema halo. Nikakata. Nikapiga tena, nikauliza kama nimekosea namba. Akasema hajui, inategemea namtafuta nani. Nikakata.

Hariri akagonga kichwa ukutani kwa maumivu. Basi nikamwambia mjomba, nikiwa nyuma ya mlango. Mjomba akauliza tangu lini mlango unajua mambo ya macho. Ila alimwita daktari.

Alhamisi, 6 Februari
Jicho litapona. Daktari amesema tungechelewa siku moja tu, lingepasuka. Akauliza nani aliona kidonda. Binamu akajibu, "Tuliona." Tuliona! Mimi mikono mfukoni, vidole kijani. Daktari akaniomba nivitoe. Binamu akacheka, eti dada amekula nyasi kwa vidole. Daktari hakucheka. Kwanza akasema nimefanya vizuri. Kisha: nisiguse tena vifaa vyake, nikiona kitu niseme palepale. Nikaitikia kwa kichwa, nikiangalia viatu vyake.

Ijumaa, 7 Februari
Hariri amefumbua jicho, akanitafuna mkono wa shati.

Daktari amesahau kile kipimo cha kusikilizia moyo. Nimekiweka chini ya mto wangu, kwa usalama. Mchana binamu alisinzia kwenye nyasi kavu, nikamsikiliza tumbo. Kuna ngurumo zisizo za kawaida. Nadhani ni minyoo. Dawa ya Hariri ya minyoo ipo stoo, nitampimia kidogo kwenye chai.

Tafadhali, daftari, usimwambie mtu. Hasa daktari.