Siku Mvutano Uliposhuka Baada ya Sambusa

Ofisi ya Kushusha Mvutano, Washington, iliutangazia ulimwengu kwamba mvutano kati ya Waarabu na Wakurdi ungeshuka siku ya Ijumaa, saa nane mchana, mara tu baada ya sambusa.

Haja ilikuwepo. Majeshi ya Marekani yalikuwa yameondoka kwenye miji ya Iraki tangu Juni ile ya 2009, na huko Woodbridge, Virginia, Waarabu na Wakurdi waliotumia ukumbi mmoja walikuwa wakinuniana kwa sababu ya habari za Kirkuk, mji ambao kila upande unadai ni wake. Ofisi ilichukua hatua: ikaufunga ukumbi na kuondoka na ufunguo.

"Bila ukumbi hawatakuwa na pa kugombania," alieleza Mkurugenzi, Dokta Whitcomb. Hoja ilikuwa nzito, hakuna aliyeweza kuinyanyua. Ila Idi ilikuwa Jumapili, na watu hawakuwa na pa kuswalia.

Tegemeo likawa Mzee Fidelis, Mpare wa Same aliyehamia Bowie, karibu na Washington, sasa Mshauri Mkuu wa Mila. Cheo hicho kilimwangukia asubuhi moja, Mkurugenzi alipomkuta akichambwa na Genoveva, Mchaga wa mapokezi.

"Mpare wewe, leo umemshitaki nani? Mtu anauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku!"

"Nyamaza. Mchaga akizimia hapepewi, anatikisiwa sarafu sikioni."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mkurugenzi aliuliza kwa nini walinzi hawajaitwa.

"Huyu mtani wangu, bosi," alisema Fidelis. "Akinitukana, sikasiriki. Akichukua kofia yangu, nacheka."

Mkurugenzi aliona mwanga. Wanasheria wakaandika Mwongozo wa Utani Shirikishi. Matusi yaliruhusiwa, isipokuwa yenye kuudhi. Kanuni ya saba: mtani hakasiriki. Ya nane: mtani akichukua chako, cheka. Mkurugenzi akatia sahihi, Fidelis akanunua tai. Kule Same wangesema nini wakisikia kijana wao aliyesoma shule ya jioni amezeeka akipatanisha mataifa!

Ijumaa ikafika. Wageni wote, Waarabu kwa Wakurdi, walikataa sambusa.

"Nilimwambia bosi ni Ramadhani," Genoveva alinong'ona. "Akasema sambusa ni za kiutamaduni."

Mkurugenzi aliandika: *Pande mbili zimekubaliana jambo la kwanza.* Kisha akauweka ufunguo mezani, kuonyesha uwazi, akawaita mbele Abu Nizar, mwoka mikate wa Kiarabu, na Hiwa, fundi magari wa Kikurdi.

"Anzeni. Kila mmoja amtukane mwenzake, kwa upole."

Abu Nizar aliinua mkono. "Mzee Fidelis, kwanza tueleze. Mtani ni nani? Si kila mtu, nadhani."

Fidelis alinyoosha tai. Hili alilijua. "Mara nyingi, ndugu yangu, mtani ni mtu ambaye watu wake walipita kwenu na silaha. Mkapigana, wakachoka, wakaondoka. Uadui ukafa, mzaha ukabaki."

Abu Nizar alimtazama Hiwa. Hiwa alimtazama Abu Nizar. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Juni, wakatazama upande mmoja.

"Walipita kwetu na silaha," Hiwa alisema polepole.

"Wakaondoka juzijuzi," Abu Nizar akamalizia.

Wakamgeukia Mkurugenzi. "Mtani!"

Fidelis alilegeza tai.

"Huyu mtani wetu," alisema Abu Nizar, "ukimwomba maji, anakuundia kamati ya kiu."

"Akikuta nyumba inaungua," alisema Hiwa, "anafunga mlango moto usitoroke. Na ufunguo anaondoka nao." Akaunyanyua mezani, akautia mfukoni.

"Hiyo ni mali ya ofisi!" Mkurugenzi alifoka.

Genoveva alikohoa. "Kanuni ya nane, bosi."

Watu wote walimsubiri. Mkurugenzi alimtazama Fidelis. Fidelis akazitazama sambusa.

"Ha," alisema Mkurugenzi.

"Wa nyuma hawajasikia, bosi," alisema Genoveva.

"Ha ha."

Fidelis akaandika kwenye ripoti kwamba mvutano umeshuka kwa mujibu wa ratiba.

Jumapili ukumbi ulifurika. Waarabu na Wakurdi waligombana kwa sauti kuhusu nani ameunguza wali, bila mratibu hata mmoja, na Fidelis akala sahani mbili huku Genoveva akitangaza kuwa Mpare akilishwa bure husahau njia ya kwao. Mara mlango ukagongwa. Hiwa akachungulia dirishani.

"Ni mtani. Amekuja na kamati."

"Mfungulie," alisema Abu Nizar. "Angalau safari hii amebisha hodi."