Ngazi Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Dalali amekuja. Mtu wa simu mbili na viatu vya vumbi. Alipanda akihesabu ngazi kwa sauti, makusudi, ili nisikie. Alipofika arobaini na moja akaketi kwenye ya mwisho, akafuta jasho, akataja bei ya nyumba. Nikataja yangu. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayebisha kwamba hana homa. Nikasema haya, tuanze na yako. Kimoyomoyo nikajiambia huyu nitampiga chenga.

Lazima tuuze mwezi huu. Mke wangu alipigwa na kiharusi mwaka jana, upande wa kushoto. Tangu hapo hashuki mlimani ila Alhamisi, siku ya kliniki, akibebwa kwenye kiti na wachukuzi wawili wa sokoni. Bondeni, karibu na hospitali, kuna nyumba ya mkunga mstaafu anayehamia kwa mwanawe. Haina ngazi hata moja. Kibaraza kiko usawa wa barabara. Mkunga amesema atatungoja mpaka mwisho wa mwezi. Mke wangu amekwisha kumtuma dada yake amnunulie raba nyeupe za kutembelea huko. Ziko chini ya kitanda, ndani ya boksi lake. Kila siku anazitoa, anazifuta vumbi ambalo halipo, anazirudisha.

Jumanne, 4 Machi

Dalali ametoa amri. Madirisha yawe wazi, sakafu ipigwe dawa, kiti cha choo cha mgonjwa kisionekane sebuleni. Anasema wanunuzi wana pua. Nikamhamishia mke wangu chumba cha nyuma, nikavuta pazia. Akaniuliza ninachouza ni nyumba au yeye. Nikajitia hamnazo.

Walikuja mtu na mkewe. Wakapenda jiko. Wakapenda upepo. Mwanamke akauliza ngazi ni ngapi, maana hesabu ilimpotea akihema. Nikasema thelathini hivi. Nyuma ya pazia sauti ikasema ni arobaini na moja. Wakaaga.

Nimenuna mpaka jioni. Mke wangu anasema yeye ndiye anayebebwa, kwa hiyo hesabu anaijua. Dalali alicheka mpaka akakohoa. Simpendi huyu mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Wachukuzi wetu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mrefu hutangulia, kinyumenyume. Haoni anapokanyaga, kwa hiyo huhesabu ngazi kwa sauti. Akisema arobaini na moja anajua amefika chini. Mfupi hushika nyuma na kulalamika.

Daktari amesema mke wangu asipotembea kila siku mahali pa tambarare, mguu utakwisha kabisa. Alimwambia yeye, lakini alikuwa akinitazama mimi.

Wakati wa kurudi aliomba tumtue mbele ya nyumba ya mkunga. Akakaa kibarazani robo saa. Mpita njia asiyemjua akamsalimu, akamuuliza anaendeleaje. Akamjibu anaendelea vizuri. Kisha akalia. Niliona haya, nikajifanya nakagua bati la mkunga. Nampenda mke wangu. Naandika hapa kwa sababu mdomoni halitoki. Nitaiuza nyumba hii, na nitaiuza haraka.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yamenyooka. Amekuja fundi cherehani mstaafu, aliyefiwa na mkewe. Mtu mpole. Alipanda polepole, akasimama dirishani, akasema kwa mwanga huu angeweza kushona mpaka macho yaishe. Akakubali bei ya dalali, hakuomba kupunguziwa hata kidogo. Atarudi Jumatatu na mkwewe kukamilisha. Dalali akanipa mkono kwa mara ya kwanza. Mke wangu amezivaa raba palepale kitandani.

Hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma. Mtu anayekubali upesi namna hiyo ameona kitu ambacho mimi sikukiona. Tunauza kwa bei ya kutupa. Dalali na fundi lao moja, nina hakika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata dawa. Hata mke wangu hakunikubali mpaka aliposikia naposa kwingine. Fundi akidhani nyumba inamponyoka, ataongeza. Nimenunua kopo la rangi nyekundu ya mafuta. Kwenye ukuta unaotazama barabara nimeandika, kwa herufi za urefu wa mkono: NYUMBA HII HAIUZWI. Kazi safi. Inasomeka toka hospitali.

Jirani wa chini, askari mstaafu, alisimama pale muda mrefu. Akauliza nagombana na nani. Nikamwambia hiyo ni biashara. Akasema sawa, akaingia kwake, akafunga mlango. Mke wangu akauliza harufu ya rangi inatoka wapi. Nikasema natengeneza madirisha.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi alikuja na mkwewe. Niliwaona toka dirishani. Walisoma. Mkwe akapiga picha. Hawakukanyaga ngazi hata moja.

Dalali alipanda peke yake, safari hii bila kuhesabu. Akauliza nani kaandika. Nikasema mimi, nikamfafanulia mpango wote, hatua kwa hatua. Akaomba maji. Akanywa. Akasema maneno yale huandikwa na ndugu walioshikana mashati mahakamani, au na mjane ambaye nyumba yake inauzwa kisirisiri na shemejize. Fundi sasa anaamini mimi ni tapeli, nauza nyumba ya watu. Nikamwambia amweleze ukweli. Akajibu kwamba hajawahi kukutana na tapeli asiye na maelezo.

Mchana kutwa nimepaka chokaa. Nyekundu inapenya. Nimepaka mara tatu, imekuwa waridi. Na kwa kuwa ukuta uliobaki sasa ni mweupe, maneno yanasomeka vizuri kuliko jana.

Mke wangu ameuliza kama fundi alikuja. Nimesema ameahirisha. Akavua raba.

Jumatano, 12 Machi

Akili imenirudia. Tatizo si maandishi. Tangu mwanzo tatizo ni ngazi. Nimebeba udongo na kokoto, nimemwaga kule chini, nimeshindilia kwa gogo mpaka ngazi mbili za mwisho zimefukiwa. Zimebaki thelathini na tisa. Mnunuzi akiuliza nitasema thelathini na kitu, na hata mtu wa nyuma ya pazia hatakuwa na la kusema. Sijamwambia yeyote. Wajionee wenyewe.

Mgongo unauma lakini moyo umetulia.

Alhamisi, 13 Machi

Sitaki kuandika hili.

Mrefu alishuka kinyumenyume kama kawaida yake, akihesabu. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Akasema arobaini, akashusha mguu kutafuta ngazi, akakuta udongo. Goti likamlegea. Kiti kikapinduka. Mke wangu ameangukia mkono wa kulia. Mkono mzima. Ule wa kufutia raba.

Hakupiga kelele. Aliyekuwa akipiga kelele ni Mrefu, akiapa kwamba hakukosea hesabu. Hakuna aliyemlaumu, lakini aliapa njia nzima mpaka hospitali. Ilikuwa zamu yangu ya kusema. Nikaongeza mwendo. Kabla hatujaondoka Mfupi alikuwa amechutama, akaparura udongo kwa vidole mpaka saruji ya ngazi ikaonekana. Akainua uso, akanitazama. Mke wangu naye, akiwa bado chini, akanitazama.

Mkono umevunjika mahali pawili.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji, yule dada yake, amemchukua moja kwa moja toka hospitali. Ana chumba cha chini, chembamba, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Leo amekuja kukusanya nguo. Amesema mdogo wake hatapandishwa ngazi hizi tena. Nikasema ni kwa siku chache tu, tunahamia bondeni. Akaniuliza bondeni kwa nani.

Mkunga ameuza. Alipita barabarani Jumapili, akasoma ukuta wetu, akaona tumeghairi bila hata kumwambia. Akaumia, akamwendea dalali. Dalali alikuwa na mteja mkononi, amechoka kutafuta. Fundi cherehani. Anahamia wiki ijayo, na cherehani yake ataiweka kibarazani.

Shemeji ameshuka na furushi la nguo kichwani. Hakugeuka. Nilikaa kwenye ngazi ya juu mpaka miguu ikafa ganzi. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimelia, na hakuna aliyesikia, kwa hiyo nimelia tena.

Jumanne, 18 Machi

Nimemtembelea. Mkono uko kwenye plasta, mguu umevimba, uso umepungua. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema polepole, akipumzika katikati: nifukue ngazi, nikubali bei ya dalali, nisifungue mdomo. Kisha nimtafutie mahali popote pa tambarare, hata chumba kimoja, kabla mguu haujakwisha. Nikamwapia. Nililia nikiapa, na nilikuwa nimedhamiria kweli.

Nilipofika nyumbani dalali akapiga simu. Sikuamini kama bado ana namba yangu. Amepata mwalimu kijana anayehamia hapa. Miguu mizima, hajali ngazi wala maandishi. Anakubali bei ileile. Kesho saa kumi atakuja. Na bondeni kuna nyumba nyingine, ndogo kuliko ya mkunga, ina nafasi ya kiti mbele ya mlango. Dalali akaniambia, taratibu kama anayesema na mtoto, kwamba nisifanye chochote. Nikasema haya. Nikachukua jembe, nikafukua ngazi zote mbili mpaka viganja vikachubuka. Arobaini na moja. Nimezihesabu mwenyewe.

Ila baadaye nilikaa nikafikiri. Mtu asiyejali ngazi wala maandishi anashindwa nini kuongeza kidogo? Kile kidogo kingemnunulia mke wangu kiti cha magurudumu. Namfikiria yeye tu. Na mdomo sitaufungua, nimeshaapa. Nitaweka viatu mlangoni basi, jozi mbili, mwalimu akifika ajue ndani kuna wanunuzi wengine wako kwenye mazungumzo. Vyangu vya zamani nimevipiga brashi. Vya kike sikuwa navyo, Shemeji alikwenda na vyote. Kisha nikakumbuka lile boksi chini ya kitanda. Raba nyeupe, hazijakanyaga chini hata siku moja. Nimezipaka udongo kidogo wa kule kwenye ngazi, zionekane zimetoka mbali.